Nyama ya maabara, sufuria letu na visingizio vyenu

Najua nimepotea humu. Majaribio matatu ndani ya wiki moja si mchezo, na mwaka wa tatu huu hakuna anayetaka kubeba sapu nyumbani. Leo nimerudi na nina hasira kidogo. Kama huna muda wa kusoma kitu kirefu, pita tu, rudi kesho nitakuwa nimetulia.

Kwa wageni: mimi nasomea ualimu, biolojia na kemia, na huu ni mwaka wa nne sili nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Watu wa namna hii Waingereza wanawaita vegan, jina lililozaliwa mwaka 1944 pale Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama chao, Vegan Society. Mimi nitasema wavegani, lugha haitakufa. Hosteli yangu wananiita Dada Mchicha. Nimeshazoea, na nikisema silipendi hilo jina nitakuwa naongopa.

Hapa kampasi tuko tisa. Tuna sufuria moja kubwa, mtungi mdogo wa gesi, na utaratibu wa kuchangishana kila wiki: maharage, mbaazi, kisamvu, karanga, nazi, unga. Wawili ni Rasta. Mmoja kwao ni Wabaniani wa Upanga, ukoo wao haujala nyama vizazi kwa vizazi, yeye akaongeza kuacha maziwa na mtindi, na nyumbani kwao hiyo ilikuwa kesi. Waliobaki tumefika huku kwa kusoma na kwa kuona. Tumeshikana vizuri miaka miwili hii. Mwezi huu tunakaribia kupasuka, na kinachotupasua ni chakula ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukiona kwa macho. Nyama ya maabara! Kaazi kwelikweli.

Pendekezo lililoletwa linasema hivi: mwanakikundi anayekubali nyama ya maabara, iwe kwa kuila au kwa kuitetea tu, si mwenzetu, na aondoke kwenye sufuria. Kura ni Jumamosi. Mimi napinga, na nitaeleza kwa nini. Na kwa kuwa ninyi mnaokula nyama mmekuwa mkicheka pembeni mkisema "wala majani wanagombana", na ninyi msiondoke. Zamu yenu inakuja.

Kwanza tuelewane tunagombania nini. Unachukua kipande kidogo sana cha msuli wa ng'ombe, mnyama akiwa hai, kwa sindano nene na dawa ya ganzi. Ndani yake kuna seli ambazo kazi yake mwilini ni kuziba pale msuli unapoumia. Seli hizo unazitia kwenye mchuzi wa virutubisho: sukari, chumvi, vitamini, amino asidi, na protini zinazoziamrisha zigawanyike. Joto liwe kama la mwili. Moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane, mwisho zinajaza tangi. Kisha unabadilisha mchuzi, seli zinaacha kugawanyika, zinaanza kuungana kuwa nyuzi za msuli. Kusanya nyuzi, una nyama. Si soya iliyotiwa ladha. Kibiolojia ni nyama kabisa, ila haijawahi kutembea wala kulia.

Baga ya kwanza ya namna hiyo ilikaangwa mbele ya kamera London, tarehe 5 Agosti 2013. Aliyeitengeneza ni Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi. Nyuzi zipatazo 20,000, gharama yuro 250,000, pesa za Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google. Haikuwa na mafuta hata tone, wakaipaka rangi kwa maji ya bitiruti na zafarani, wakaishikiza kwa chenga za mkate na unga wa mayai. Walioonja walisema inakaribia nyama ila ni kavu. Desemba 2020 Singapore ikawa nchi ya kwanza kuruhusu iuzwe, nyama ya kuku ya kampuni ya Eat Just. Marekani ikafuata Juni 2023. Israel ikaidhinisha ya ng'ombe Januari 2024.

Sasa cheka kidogo: mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo ilipoanza kuuza kuku wake buchani kule Singapore, bidhaa ilikuwa na asilimia 3 tu ya seli za kuku. Iliyobaki karibu yote ni mimea. Yaani watu wamekwenda maabara miaka na miaka, wametumia mamilioni ya dola, wamerudi na chakula ambacho kwa sehemu kubwa ni kile tunachopika sisi kwenye sufuria letu. Teh teh teh.

Tuje kwenye hoja za wenzangu. Hoja ya kwanza, na ndiyo inayopendwa kuliko zote: "Nyama ni nyama. Mvegani hali nyama. Mjadala umefungwa."

Ndugu zangu, haujafungwa hata kidogo. Jiulize kwa nini uliacha nyama. Uliacha kwa sababu protini ya msuli ina dhambi ndani yake? Au uliacha kwa sababu ya kisu, ya kizimba, ya ndama anayetenganishwa na mama yake ili maziwa yauzwe? Kama ni hilo la pili, basi ubaya wa nyama haujawahi kuwa ndani ya nyama yenyewe. Ulikuwa kwa yule aliyetendewa. Ukiniletea nyama ambayo hakuna aliyetendewa, halafu ukasema bado ni mbaya kwa kuwa inaitwa nyama, hapo umeshatoka kwenye haki za wanyama. Umeingia kwenye mwiko.

Na mimi sidharau mwiko. Makabila yetu yamejaa miiko: ukoo huu hauli mnyama fulani, ukoo ule hauli samaki wasio na magamba. Mwiko unawaunganisha watu, unawakumbusha wao ni nani. Lakini mwenye mwiko hasemi kwamba jirani asiye nao ni mwovu. Anasema "sisi hatuli". Basi tuseme hivyo na sisi, tusijifanye tunamtetea kuku wakati tunautetea usafi wa midomo yetu. Kuku hanufaiki chochote na usafi wa mdomo wangu. Kuku ananufaika asipochinjwa.

Hoja ya pili ni nzito, na nitaiheshimu. Inasema hivi: hata kama hakuna aliyeuawa, kula nyama ya maabara kunaendeleza lile wazo kwamba mwili wa mnyama ni chakula. Kuna mwanafalsafa na mwanasheria wa Marekani, Gary Francione, ambaye amefundisha miaka mingi kwamba kosa la mizizi si ukatili tu. Kosa ni kumfanya mnyama kuwa mali. Ukimfuata Francione unaweza kusema: nyama ya maabara inabadilisha kiwanda lakini haibadilishi fikra. Dada mmoja wa kikundi chetu aliliweka vizuri kuliko vitabu. Alisema, "Wangekuza nyama ya binadamu kwenye tangi, kutoka kwa mtu aliyekubali mwenyewe, ungekula? Hungekula. Kwa nini? Kwa sababu unamheshimu binadamu. Basi ukila ya ng'ombe unakiri kwamba ng'ombe humheshimu."

Duh. Nilikaa na hilo siku mbili.

Jibu langu ni hili. Kwa binadamu, heshima imeshajengwa kwanza. Tuna sheria, tuna mazishi, tuna majina kwenye makaburi, na mtu akiuawa polisi wanakuja. Kinyaa chetu juu ya nyama ya mtu kimekaa juu ya msingi huo. Kwa kuku msingi haupo. Zaidi ya kuku bilioni 70 wanachinjwa duniani kila mwaka, na wengi wao hawajawahi kukanyaga udongo. Katika hali hiyo, kuanza na kinyaa ni sawa na kuchagua rangi ya mapazia wakati nyumba inaungua. Kwanza waache kufa. Heshima inajengeka kirahisi zaidi kwa kiumbe ambaye riziki yako haitegemei kifo chake. Mtu anayekula kuku kila siku ana sababu ya kila siku ya kutotaka kujua kuku anahisi nini. Mwondolee ile sababu, halafu ndipo uzungumze naye habari za heshima. Atakusikia.

Najua atakayesimama na mfano wa pembe. Nausubiri kwa hamu, kwa hiyo nautaja mwenyewe. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014, kwa sababu kuna watu mbali huko wanataka pembe. Miaka hiyo ya 2010 kampuni moja ya Marekani, Pembient, ikaja na wazo la kutengeneza pembe ya faru ya maabara ili soko lijae bandia. Mashirika ya kuhifadhi faru yakapinga. Yalisema bandia itakuza tamaa, na mwizi wa kweli atajificha nyuma yake. Nakubaliana nayo. Sasa kwa nini nisikubali hivyo hivyo kwa nyama?

Kwa sababu mambo haya mawili hayafanani. Biashara ya pembe imekatazwa. Kinachomlinda faru ni kwamba ukikutwa na pembe unakamatwa. Ukileta bandia unampa jangili kichaka cha kujificha. Biashara ya kuku haijakatazwa popote, inaendeshwa mchana kweupe na bendera juu. Hakuna anayehitaji kichaka. Na tamaa ya kuku haihitaji kukuzwa na mtu, imeshakua mpaka mwisho, nenda banda lolote la chipsi saa mbili usiku uone foleni. Hapo bandia haifichi uhalifu. Inapunguza mauaji yaliyo halali.

Hata hivyo, na hapa nawageukia wale wachache wa upande wangu wanaoshangilia kupita kiasi, tekinolojia peke yake haijawahi kumkomboa mnyama. Mnapenda kusema mafuta ya taa yaliwaokoa nyangumi. Eti watu walikuwa wanawasha taa kwa mafuta ya nyangumi, yakaja mafuta ya taa katikati ya karne ya 19, nyangumi wakapumua. Hadithi nzuri, ila inakatishwa njiani. Baada ya hapo zikaja meli za injini na mikuki ya baruti, viwanda vikagundua namna ya kugeuza mafuta ya nyangumi kuwa majarini, na katika karne ya 20 wakauawa nyangumi karibu milioni 3, wengi kuliko zama zote za taa. Kilichokuja kusimamisha ni uamuzi wa watu: Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilipiga kura mwaka 1982 kusitisha uwindaji wa biashara, ikaanza kutekelezwa 1986. Kitu mbadala kiliwezesha watu kukubali. Lakini sharti mtu anyooshe mkono aseme basi.

Kwa hiyo wanaosema nyama ya maabara itamaliza kazi yetu na tunaweza kwenda kulala, wanakosea. Na wanaosema ni adui yetu, wanakosea. Ni kama jembe jipya. Jembe halilimi lenyewe, lakini ni mjinga gani anachoma jembe?

Hoja ya tatu ya wenzangu naikubali yote, bila hata kupunguza: damu. Nilisema seli zinahitaji mchuzi wenye protini za kuziamrisha. Kwa miaka mingi maabara za dunia zimetumia seramu ya ndama aliye tumboni. Inapatikanaje? Ng'ombe jike anachinjwa machinjioni, akipasuliwa anakutwa ana mimba. Yule ndama anatolewa, sindano inaingizwa moyoni mwake, damu inavutwa. Seramu ni maji maji yanayobaki damu ikiganda. Baga ile ya London ya 2013 ilikuzwa kwa seramu hiyo. Kuku wa kwanza kuuzwa Singapore naye alipitia seramu hiyo. Kwa hiyo waliokuwa wanaimba "nyama isiyo na kifo" wakati ule, walikuwa wanauza mbuzi kwenye gunia.

Lakini mambo hayakusimama hapo. Mwaka 2022 watafiti wa kampuni ya Mosa Meat, ile ya Mark Post, walichapisha njia ya kukuza msuli wa ng'ombe bila seramu. Januari 2023 Singapore iliidhinisha kuku aliyekuzwa bila seramu. Wanaotengeneza wana sababu zao, seramu ni ghali na kila chupa ina tabia yake. Mimi sababu zao hazinihusu, nataka ndama aachwe. Pia kampuni nyingine zinatumia seli zilizofundishwa kugawanyika bila kuchoka, kwa hiyo hazihitaji kurudi kwa mnyama kila mara na sindano. Bado kuna mnyama wa mwanzo, ni kweli, na ndiyo maana Vegan Society wenyewe wamesema hawawezi kuipa nyama hii alama yao. Sawa kabisa. Alama ni ya vitu visivyotoka kwa mnyama, na hiki kimetoka kwa mnyama. Lakini chama hicho hicho kinaeleza uvegani kuwa ni kuepuka kuwatumia na kuwatesa wanyama kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Kutoipa alama ni kitu kimoja. Kumfukuza mtu anayetaka mjomba wake ale hiyo badala ya kitoweo kilichokatwa shingo ni kitu kingine.

Wala tusijidanganye kwamba tunafuata msimamo wa dunia nzima. Wavegani na watetezi wa wanyama wamegawanyika tangu mwanzo. Mwaka 2008 shirika la PETA liliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kuuza kuku wa maabara. Muda ukapita hakuna aliyezichukua. Peter Singer, aliyeandika Animal Liberation mwaka 1975, aliipokea baga ya 2013 kwa mikono miwili. Kwake kipimo ni mateso, na tangi halina mishipa ya fahamu. Wengine wa mrengo wa haki hawataki hata kuisikia. Kama wakubwa hawa bado wanabishana, sisi watu tisa na sufuria moja tumepata wapi hukumu ya mwisho?

Sasa zamu yenu, walaji. Mlidhani nimewasahau.

Kuna wale wanaosema si ya asili. "Chakula cha kwenye tangi, we Dada Mchicha, hicho ni cha Mungu kweli?" Haya. Yule kuku wa kisasa mnayemla, aliyechaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka anafikia uzito wa kuuzwa kwa kama wiki sita, wengine miguu imeshindwa kubeba kifua, chini ya taa inayowaka usiku ili asiache kula, huyo ni wa asili ya wapi? Kijijini kwa bibi yangu kuku anakua miezi na miezi, anajua kupanda mti. Ukitetea asili, anza na huyo wa kwenye sahani yako.

Kuna serikali zimepiga marufuku kabisa. Italia ilipitisha sheria Novemba 2023, faini kati ya yuro 10,000 na 60,000. Jimbo la Florida, Marekani, gavana alitia saini Mei 2024. Texas ikafuata 2025 kwa miaka miwili. Wanasema wanalinda utamaduni na mkulima. Mimi naona kitu kimoja: hakuna mtu anayepiga marufuku kitu ambacho haogopi kitamshinda sokoni.

Roommate wangu, ambaye ni mtu wa dini na ninampenda sana, aliuliza swali lililonishinda kucheka: "Sasa hiyo kachinja nani?" Kumbe wakubwa wake wa Singapore walishajiuliza. Februari 2024 baraza la fatwa la huko lilisema inaweza kuwa halali, ilimradi seli zitoke kwa mnyama aliye halali na kusichanganywe kitu kisicho halali. Alivyosikia akasema, "Basi ikifika Dar mimi naacha ya buchani." Na hapo ndipo damu yangu ilipochemka, wadau. Kwa sababu si yeye peke yake. Kila mtu hapa kampasi ananiambia hivyo. "Ikifika naacha." Mhadhiri mmoja aliniambia hivyo. Mpaka mama mdogo kwenye simu: "Mwanangu, wazungu wakituletea hiyo, sote tutakufuata."

Hicho ndicho kisingizio kikubwa cha zama hizi, na ni kitamu kwa sababu kinafanana na uungwana. Unakiri kwamba kuchinja ni vibaya. Unakiri kwamba ungeacha kama ungeweza. Halafu unaendelea, sasa hivi, na mshikaki mkononi, ukisubiri wahandisi wa Uholanzi na California wakuokoe na tabia yako. Nyama ya maabara haijafika hata kwenye bucha moja ya Dar, lakini imeshafanya kazi hapa: imewapa watu ruhusa ya kuahirisha. Kuku wa leo halipwi kwa ahadi ya kesho. Huyo anakufa Alhamisi.

Na kusubiri kwenyewe hakuna sababu. Maharage yapo. Mbaazi za nazi zipo, na asubuhi ukiziweka na mahamri huna haja na mtu. Kisamvu cha karanga kipo. Choroko, kunde, njugu mawe, uyoga wakati wa mvua. Nchi hii ina mapishi ya mimea kabla tekinolojia haijazaliwa, kwa sababu wengi wa babu zetu walikula nyama siku ya sherehe. Simsemi Mmasai au Mbarabaigi ambaye maisha yake yamekaa juu ya ng'ombe na mvua haimruhusu kulima; hiyo ni makala nyingine na nitaiandika kwa adabu. Nakusema wewe, mwanafunzi mwenzangu, mwenye genge la mboga umbali wa hatua mia moja kutoka kitandani kwako.

Jambo moja zaidi kabla sijafunga, kwa pande zote. Kama nyama hii itakuja kuwa kitu, nani atamiliki matangi? Leo elimu yake na hati za uvumbuzi ziko kwenye kampuni za Marekani, Uholanzi, Israel, Singapore. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na vijana wengi wanaosoma biolojia kwa kukariri bila kugusa hadubini. Tukikaa tunabishana kama ni dhambi au si dhambi, itafika siku tutauziwa seli za ng'ombe wetu wenyewe kwa dola. Mvegani anayejali haki asiishie kwa mnyama, amwangalie na mfugaji atakayeachwa barabarani. Hilo nalo halitatui kwa kumfukuza mtu kwenye sufuria. Linataka watu wasome, wajue, wawe ndani ya chumba maamuzi yakifanyika.

Mimi binafsi je, nitaila? Sidhani. Miaka minne imepita, hamu imekwisha, harufu ya mishikaki hainiambii kitu. Lakini siku mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kukosa nyama choma Jumapili tangu nimzaliwe, akila baga ya tangi isiyo na seramu na akasema ni tamu, nitamnunulia ya pili kwa hela yangu ya boom. Na sitajiona nimemsaliti mnyama yeyote.

Kwa hiyo, wanakikundi wenzangu, pendekezo langu mbadala ni hili. Moja, sufuria letu libaki la mimea tupu, kwa sababu ndivyo tulivyokubaliana na Rasta wetu na binti wa Upanga wasilazimishwe. Mbili, mtu asiulizwe anafikiri nini juu ya nyama ya maabara ili aruhusiwe kuchota ugali. Tatu, chochote chenye seramu ya ndama tukiite kwa jina lake, damu, bila kuoneana haya na kampuni yoyote. Nne, ile hela tuliyotaka kuchapishia kanuni mpya tununulie nazi na unga wa ngano, tupike mbaazi na mahamri, tuwaite walaji wa hosteli nzima waje kula bure Jumapili. Hasa wale wa "ikifika naacha".

Kura ni Jumamosi saa kumi jioni, chini ya mwembe nyuma ya maktaba. Mimi napiga hapana. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje na njaa pia, maana maharage nimeshayaloweka.

Nawasilisha.